Nilikula hela ya mabati ya mama, Krismasi hii naendaje nyumbani?

Shikamoo mama. Huwa nasoma majibu unayowapa watu, nasoma usiku nikiwa lindo, nikaona na mimi niandike maana sina mtu mwingine wa kumwambia. Jina langu naomba usilitaje.

Nina miaka 38, kwetu Rombo, Dar nimeingia 2006 nikaanza kutembeza viatu mkononi mpaka Mungu akasaidia nikapata fremu. Tumezaliwa sita, mimi wa nne. Baba alifariki 2019, mama yuko pale kihambani, yani kwenye shamba letu la nyumbani, na mjukuu mmoja. Nyumba ni ile ile ya zamani aliyojenga mzee na mabati yameoza, sasa miaka miwili iliyopita tukakubaliana kwenye grupu la familia kila mmoja achange, tuezue tuezeke upya mama asinyeshewe. Ikapatikana milioni tatu na laki mbili. Wakasema hela nikae nayo mimi kwa sababu niko karibu na maduka ya jumla na bei nazijua.

Mama, sikuwa na nia ya kuiba. Fundi alisema ana kazi nyingine mpaka mwezi unaofuata, nikaona hii hela imekaa tu bure, niizungushe wiki tatu, faida niongezee hata gata. Nikachukua mzigo wa viatu vya shule, jamaa mmoja ninayemfahamu akabeba karibu wote kwa mali kauli, akasema Ijumaa nakulipa, Ijumaa simu haipatikani na haijapatikana mpaka leo. Nikaenda kwa wale wa kausha damu nikakopa laki tano ili angalau fundi aanze, rejesho kila siku, ukikosa siku moja faini, deni likafika milioni na laki tatu, wakaja wakabeba TV na friji, mwisho kodi ya fremu ikaisha nikashindwa kulipa. Sasa hivi nafanya ulinzi kwenye yadi moja ya magari, zamu ya usiku. Nyumbani hakuna anayejua kama mimi ni mlinzi.

Ndugu zangu niliwadanganya kwamba mabati nimeshaagiza ila yanachelewa, baadae nikaacha kupokea simu, kaka yetu mkubwa akaandika maneno mazito kwenye grupu nikajitoa. Krismasi mbili sijaenda. Mke wangu anajua nimefilisika lakini hii ya hela ya mama haijui.

Mama ndio haachi kupiga. Wiki iliyopita huko kulikuwa na mvua, tunaongea huku nasikia tone, tone, kwenye sufuria. Kuhusu nyumba hakusema kitu. Alisema tu njoo Krismasi mwanangu, njoo hata mikono mitupu, sijakuona. Nikakata simu, nikatuma meseji nikasingizia mtandao.

Sasa nyuma ya ukuta wa yadi kuna kanisa, kwaya wanafanya mazoezi ya Krismasi mpaka saa tatu usiku nawasikia wote. Jumapili ya kwanza ya Majilio nilitoka lindo nikapitia ibada ya kwanza na yunifomu yangu nikakaa nyuma kabisa. Mchungaji akahubiri Yohana 3:16, Mungu aliupenda ulimwengu hata akamtoa Mwanawe. Nikasema moyoni, Mungu alitoa, mimi nilichukua. Naomba unisaidie mawili mama. Niende bila hela au nisubiri nilipe kwanza ndio nitokee mbele yao? Na huu upendo wa Mungu wanaouimba Krismasi, ni wa watu wote kweli au ni wa wale ambao mambo yao yamenyooka?

Mwanao, mlinzi wa usiku.

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na hilo tone kwenye sufuria limenikaa kichwani siku nzima nikiwa nachambua maharage. Nitaanza na swali lako la pili maana ukishalielewa hilo, la kwanza utakuwa umelijibu karibu lote.

Umesema Mungu alitoa, mimi nilichukua. Ni kweli, na sitakufariji kwa kukuambia haikuwa hivyo. Ila huo ulimwengu ambao Yohana anasema Mungu aliupenda, usifikiri ni ulimwengu wa watu waliokuwa wamekaa vizuri wanamsubiri. Rudi sura ya kwanza ya injili hiyo hiyo, anasema "alikuja kwake, wala walio wake hawakumpokea". Ndio hao hao aliowapenda. Na Paulo kwa Warumi 5:8 anaandika kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu "tulipokuwa tungali wenye dhambi". Hilo neno tungali mwanangu lisome polepole. Hasemi tulipokuwa tumeshatubu, hasemi tulipokuwa tumeanza kurejesha, anasema tungali, yani hela bado hazipo, uongo bado uko kwenye grupu, simu bado haipokelewi.

Wewe ni mtu wa Rombo kwa hiyo sale sihitaji kukueleza, ila kwa wasomaji wa mikoa mingine, kwetu Kilimanjaro sale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani mwa kihamba na kwenye makaburi ya wazee wetu, na mtu aliyekukosea akija na jani la sale mkononi kuomba msamaha, unalipokea, hata kama ulikuwa umeshaapa kwamba yule hataingia kwako tena. Nimekua naona watu ambao hawakusalimiana miaka na miaka wakimalizana kwa jani moja. Lakini jiulize sale anabeba nani? Anabeba mkosaji. Yeye ndiye anayetoka kwake anapanda kilima na mzee mmoja wa kumsindikiza, anabisha hodi, na aliyekosewa anakaa ndani anamsubiri. Ndivyo haki inavyotaka, na mimi kwa umri wangu huu sijawahi kuona ikiwa kinyume.

Ila Krismasi ndio kinyume chake. Aliyekosewa ndiye ametoka ndani kwake, sale mkononi, akashuka kumtafuta mkosaji ambaye hata nia ya kuja hakuwa nayo. Yohana yule yule kwenye waraka wake wa kwanza, sura ya 4, anasema "hili ndilo pendo, si kwamba sisi tulimpenda Mungu, bali kwamba yeye alitupenda sisi, akamtuma Mwanawe kuwa kipatanisho kwa dhambi zetu". Mimi nimefundisha watoto wa Sunday school miaka mingi na huo mstari tuliwakaririsha sana, lakini siku nilipoufikiria kwa sale ndio nilikaa chini nikalia, maana niliona ni jambo ambalo hakuna mzee yeyote wa kwetu angelikubali, kwamba mimi umenikosea halafu mimi ndio nije kwako na jani.

Sasa muangalie mama yako. Anayenyeshewa ni yeye. Mwenye haki ya kukaa kimya akusubiri uje na sale na mshenga ni yeye. Na bado anayepiga simu ni yeye. Simlinganishi mama yako na Mungu, lakini kama unataka kujua upendo wa Mungu una sauti ya namna gani, uliusikia wiki iliyopita ukakata simu.

Kuhusu hiyo mikono mitupu. Najua unachokiogopa, nimeolewa huku huku nakijua. Desemba ikifika barabara za mlimani zinajaa magari, na watu wanahesabiana, nani kaja na gari gani, nani kanunua ng'ombe na nani kachangia mbuzi nusu, nani anakaa na wazee kwenye mbege na nani anatumwa kukata majani ya mgomba ya kuwekea nyama. Kwa kweli linaniumiza sana hili, tumechukua sikukuu ya Mungu aliyekuja mtupu tukaifanya kikao cha mahesabu, na vijana wengi kama wewe wanabaki mjini wamejifungia ndani tarehe 25 wanakula ugali na mboga huku wakituma meseji kwamba wamebanwa na kazi.

Luka anasema mama yake alimlaza "katika hori ya kulia ng'ombe, kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni". Kwenye kadi wanaichora kama kitanda kizuri kina mwanga. Sisi tuliolisha ng'ombe wa ndani tunaijua hori, gogo limechongwa, humo ndani limelainika kwa ulimi wa ng'ombe mpaka linateleza, pembeni kuna mate yaliyokauka na nyuzi za mgomba zilizobaki tangu jana, na ile harufu ukishika mara moja inabaki mkononi mpaka jioni. Humo ndimo walimlaza. Yule Fransisko wa Assisi mwaka 1223 pale Greccio Italia aliomba waandae hori yenye majani makavu, na ng'ombe na punda wa kweli, kwa sababu alitaka watu waone kwa macho yao shida aliyozaliwa nayo yule mtoto, maana hata enzi hizo walikuwa wameshaanza kuisahau.

Na siku 40 baadae wazazi wake walipompeleka hekaluni, angalia sadaka waliyotoa. Sheria kwenye Walawi 12 ilitaka mwanakondoo, halafu ikasema mama asiyeweza kupata kondoo na atoe hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Luka 2:24, Yusufu na Mariamu walitoa ndege. Maana yake kondoo ilishindikana, hela haikuwepo, na walipita pale hekaluni mbele za watu na ndege wao wawili bila kujificha, huku wamembeba Mwana wa Mungu mwenyewe. Mungu angeweza kuchagua nyumba yenye kondoo. Alichagua hiyo.

Na wewe unaona haya ya ulinzi. Mwanangu, habari ya kwanza ya Krismasi duniani walipewa watu walio lindo. Fungua Luka 2:8, wachungaji "wakikaa makondeni na kulinda kundi lao kwa zamu usiku". Kwa zamu usiku! Malaika hakuwaambia nendeni kwanza mkaoge mbadilishe nguo, aliwaambia "leo katika mji wa Daudi amezaliwa, kwa ajili yenu, Mwokozi". Martin Luther, yule ambaye Walutheri wanaitwa kwa jina lake, kwenye mahubiri yake ya Krismasi alikuwa anakazia sana hayo maneno, kwa ajili yenu, akisema haitoshi kuamini kwamba Kristo amezaliwa, unatakiwa uamini amezaliwa kwa ajili yako wewe. Na hawa walinzi wakaenda vile vile na nguo zao za zamu. Kwa hiyo ile Jumapili uliyokaa nyuma kabisa na yunifomu, kama kuna aliyekaa kanisani sawasawa na hadithi ilivyo ni wewe.

Haya, nisije nikakupumzisha mapema. Upendo huu hauna maana ya kwamba lililotokea halikutokea. Mathayo anapoanza injili yake anaorodhesha ukoo wa Yesu, na akifika kwa Daudi hapitishi tu, anaandika Daudi akamzaa Sulemani "kwa yule mke wa Uria", mwanamke ambaye Daudi alimchukua mumewe akiwa hai. Miaka mingi imepita, mfalme ameshakufa kwa heshima, na bado wizi ule umeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa Agano Jipya, mke wa mtu na jina la mwenye mke. Mungu aliingia kwenye ukoo wenye aibu yake imeandikwa wazi. Na ile kipatanisho niliyokutajia juu ina maana kuna aliyelipa, yule mtoto wa horini aliishia msalabani. Kusamehe kuna gharama, na kwenu gharama hiyo wataibeba mama na ndugu zako watano, wale waliojinyima wakatoa laki zao. Kwa hiyo ukienda, usiende na Biblia kama fimbo. Usije ukamwambia kaka yako wewe mkristo gani hunisamehei na ni Krismasi. Yeye kaumia, ana haki ya kukaa kimya, hata mwaka mzima akitaka. Wewe kazi yako ni ukweli.

Sasa lile swali la kwanza, niende au nilipe kwanza. Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Luka 19, alikuwa amewala watu hela kuliko wewe, na Yesu hakumwambia kalipe kwanza halafu nitakuja. Alimwambia shuka upesi, "leo imenipasa kushinda nyumbani mwako". Akaingia kwanza. Halafu ndio Zakayo akasimama akasema kama nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne. Kupendwa kumetangulia, kulipa kumefuata, na kulipa kukawepo kweli. Ukisema nitatokea nikishalipa, kwa mshahara wa ulinzi itakuchukua miaka mingapi? Mama yako ana miaka hiyo? Nenda.

Ila uende hivi. Leo ukitoka lindo mwambie mke wako yote, kabla ya ndugu, maana hawezi kuingia kwa wakwe Krismasi akiwa hajui kinachosubiri mezani. Atakasirika, muache akasirike. Halafu mpigie kaka yako mkubwa, usimwandikie, mpigie, na usianze na jamaa wa mali kauli aliyezima simu wala na kausha damu, anza na kwamba kaka hela ya mabati nilikula na nikawadanganya. Mengine akikuuliza ndio umueleze. Umwambie na kwamba unafanya ulinzi, na kila mwezi unaweza kutoa kiasi gani, hata kama ni elfu 30, na hela hiyo usishike wewe, itumwe moja kwa moja kwa yule atakayechaguliwa. Fanya hivyo kabla hujapanda basi. Usisubiri siku yenyewe mkiwa na nyama mbele na watoto na majirani wamekaa, hapo utakuwa umewatega wakusamehe kwa aibu. Na kwa sababu wewe ni mtoto wa kihambani, ukifika tafuta sale pale kwenye kaburi la mzee wako, ulibebe kwa kaka yako kama tulivyolelewa. Utalibeba ukiwa umeshapendwa, hicho ndicho kitakachokupa miguu ya kwenda.

Nauli usikope. Nakuomba sana, hata elfu kumi usikope kwa wale watu. Kama inatosha mtu mmoja nenda mmoja, au na mtoto wako mkubwa. Na najua kazi za ulinzi tarehe 24 na 25 ruhusa ni ngumu, usiache kazi kwa ajili ya tarehe. Kanisani siku za Krismasi zinaendelea mpaka Epifania, tarehe 6 Januari, na kuanzia tarehe 27 mabasi ya kupanda huko hayana ule msongamano. Mama amesema njoo, hakusema njoo na tarehe fulani.

Ukifika muulize sufuria anaiweka chumba gani. Mabati mapya huna lakini mikono unayo, omba ngazi kwa jirani, mwanao akushikie chini, panda uangalie ni matundu ya misumari au ni bati lenyewe limeliwa, hata kipande cha bati kuukuu na lami kidogo vinaweza kumsogeza mama mpaka masika huku mnapanga. Halafu kaa jikoni naye ale akikuona.

Na leo usiku kabla kwaya hawajaanza mazoezi mpigie, umwambie unakuja tarehe ngapi. Umwambie na lile la siku ile, kwamba mtandao haukukatika.